Ukoo wa Nansio: habari za goti la Mama

Leah: Shikamooni wakubwa. Tumetoka hospitali ya Bugando na Mama. Goti wamelivuta maji, bomba la sindano limejaa, ya njano yenye ukungu. Sasa anaweza kukunja mguu kidogo.

Mjomba Sita: Marahaba mwanangu. Mungu mkubwa. Kwa hiyo ni gauti kama walivyosema zahanati?

Leah: Hapana mjomba. Maji yamepimwa kwa hadubini. Gauti ni fuwele za asidi ya uriki, zimechongoka kama sindano. Za Mama ni fupi, za pembe nne zilizolala upande, za kalsiamu pairofosfeti. Zimejijenga kwenye gegedu la goti, ule utando mgumu unaofunika ncha za mifupa, hata eksirei inaonyesha kimstari cheupe pale kati ya mifupa. Zikimwagika kwenye maji ya kiungo mwili unazishambulia, ndiyo maana alilala mzima akaamka hawezi kukanyaga.

Shangazi Milka: Kalsiamu! Basi dagaa na maziwa aache leo leo. Nilishamfungia dagaa wa Mwaloni, nawagawa kwa majirani.

Leah: Shangazi nakuomba usiwagawe 🙏🏾 Hilo nimemuuliza daktari mara mbili. Fuwele hizi hazitokani na chakula. Wengi wanaozipata wamevuka miaka 60, na mifupa ya Mama inawahitaji hao dagaa. Tangu aambiwe gauti mmemkataza nyama, maharage, hata sato. Ugali na mchicha tu. Mmeona alivyokonda? Inaniuma sana.

Shangazi Milka: Basi nawaleta jioni, na maziwa.

Deo: Dada, huku Sengerema kuna mzee anauza dawa ya kuziyeyusha, 50,000. Nichukue?

Leah: Deo usitoe hata mia. Za gauti zinayeyuka kwa dawa za kushusha asidi, hizi dawa yake bado haijapatikana. Kinachotulizwa ni uvimbe: kuvuta maji, barafu, kupumzisha mguu, vidonge vya kolchisini dozi ndogo. Na zile dawa za maumivu, diklofenaki, za duka la dawa kila akilalamika, tuache jamani. Kwa umri wake na presha, figo na tumbo vitaumia.

Mama Neema: Wifi, na ile homa ya Jumapili?

Leah: Hiyo ndiyo iliyonitisha. Fuwele zenyewe huleta homa, lakini usaha kwenye kiungo nao huanza hivyo hivyo, na unaharibu gegedu kwa siku chache tu. Maji yanaoteshwa maabara kuangalia wadudu, tunasubiri majibu. Sindano ya steroidi, ya kutuliza uvimbe gotini, hawajamchoma mpaka yatoke. Goti likiwaka tena na homa, msilikande, msingoje kukuche. Hospitali.

Mjomba Sita: Ila kwetu hakuna aliyewahi kuwa na haya. Limetoka wapi?

Leah: Mara nyingi ni umri tu mjomba. Ila watapima damu: kalsiamu, magnesiamu, madini ya chuma, na vile vitezi vya shingoni vinavyosimamia kalsiamu. Kuna vidonge vya presha vya kukojoza vinashusha magnesiamu, wanataka kuviona.

Deo: Ijumaa nampeleka mimi. Navuka Kigongo alfajiri.

Leah: Asante mdogo wangu. Vidonge viko kwenye kikopo juu ya kabati, beba vyote, hata vile alivyoacha kumeza. Na kadi ya bima iko kwenye Biblia yake.