MREJESHO: Kujitolea kwa wazee hapa Moshi

Habarini wakuu, mimi ndo yule niliyeuliza kama mtu asiye nesi anaweza kujitolea kwenye kituo cha mchana cha wazee, mkaniambia we nenda tu kapige nao stori. Nimeenda! Wiki ya tano sasa, kila Jumanne na Alhamisi.

Mwanzoni nilikuwa napaza sauti mno, nesi wa pale akanivuta pembeni akaniambia uzee unaanza kuondoa sauti nyembamba masikioni, kwa hiyo usipige kelele, kaa mbele yake akuone mdomo, ongea taratibu kwa sauti nzito. Kweli imesaidia sana. Na maji jamani, mzee hasikii kiu kama sisi, usimsubiri aombe, mpelekee kikombe mkononi.

Kuna bibi alikuwa haongei na mtu, anaangalia dirishani tu upande wa mlima, Alhamisi iliyopita nikamsalimia kwa Kichaga "shimbonyi" basi akageuka, akanishika mkono na vidole vyake vya baridi, hakuniachia mpaka chai ikaletwa. Nilitaka kulia.

Asanteni sana mlionisukuma, kesho naenda tena, nimemuahidi kumpelekea ndizi mbivu.