Kidole kimoja tu! Dereva wetu amenipita kituoni Kilkee huku mvua ikininyeshea

Zamu ya Usiku:
Ndugu zangu, ninaandika haya soksi zikiwa bado zinachuruzika maji sakafuni, na sitamtaja mtu jina, maana wote tunaoishi upande huu wa magharibi ya Clare, huku Ayalandi, tunamjua: yule wa kofia ya sufu asiyoivua hata jua likiwaka, anayeendesha basi dogo la jioni na kupiga mluzi kwenye kila kona. Leo amenipita kituoni. Wala si kwamba hakuniona. Aliniona, akanitazama usoni, kisha akanyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kidole cha shahada, akakirudisha mahali pake na kwenda zake.

Nilikwenda Kilkee kupumzika baada ya zamu nne mfululizo. Nilitembea hadi Pollock Holes, yale madimbwi ya mwambani yanayobaki na maji bahari inapokupwa, nikawatazama wazee wa miaka sabini wakijitosa katika baridi ambayo mimi nisingetia hata kidole (na hapo neno kidole linaniuma upya). Nikanunua kifuko cha vikonokono vya baharini vilivyochemshwa, vile vinavyochokolewa kwa pini, nikaenda kusimama kituoni dakika 20 kabla ya wakati. Mvua ikaanza. Wenyeji huiita siku ya namna hiyo siku laini, na ulaini wake niliujua uliponiingia ubavuni, kwa kuwa mvua ya Atlantiki hainyeshi kutoka juu kama mvua zenye adabu.

Basi likatokea, nikainua mkono. Naye akainua kidole! Mkono mzima kwa kidole kimoja, jamani, hata mnunuzi wa karafuu hapunji kiasi hicho. Na huyu ndiye aliyekula maandazi yangu wakati wa Krismasi, manne kwa mkupuo, akalamba na sukari iliyobaki vidoleni, kikiwamo kidole hicho hicho. Nimetembea hadi Kilrush, kilomita zaidi ya 12, na magari yote yaliyonipita, ambayo hayakupungua elfu moja, yalininyanyulia kidole. Ng'ombe peke yao ndio walioniheshimu, na ni kwa sababu hawana vidole.

Bi Mkubwa wa Ennis:
Pole, mwanangu, lakini umekaa Ayalandi miaka mingapi? Kidole cha dereva ni salamu. Mtu wa shamba huku humnyanyulia kila anayekutana naye barabarani, awe anamjua au hamjui, na asiponyanyua ndipo ujue mna ugomvi. Basi husimamishwa kwa kunyoosha mkono upande wa barabara. Wewe ulipunga, naye akaitikia. Ulitaka ashuke akuamkie shikamoo?

Zamu ya Usiku:
Shikamoo, Bi Mkubwa. Sikupunga, niliinua. Mkono wa pili ulikuwa umeshika vikonokono. Na hata kama nilipunga, ni nani anayesimama kituoni kwenye mvua kwa ajili ya kusalimia magari?

Msukuma wa Donegal:
Nimecheka hadi bibi ninayemhudumia ameniuliza kama nimepata habari njema kutoka nyumbani. Shukuru, kaka, kwamba unalo basi la kukupita. Kijijini kwangu Jumapili hakuna hata hicho kidole.

Baba Mapacha:
Afadhali yenu nyote. Jumamosi niliwapeleka watoto Doolin tuvuke kwenda kisiwa cha Inis Oírr. Jua linawaka, bahari kwa macho yangu mimi mtoto wa Mombasa ni shwari kabisa, lakini tukaambiwa kwamba mawimbi ya nje ni makubwa na feri haitoki. Nikanunua samaki na chipsi ili walie kwa zamu badala ya kulia kwa pamoja. Shakwe mwenye ukubwa wa mbuzi akashuka, akamnyang'anya binti yangu samaki mkononi, akatua ukutani na kumla samaki huyo taratibu huku akitutazama.

Zamu ya Usiku:
Alikutazama, lakini hakukunyanyulia kidole.

Baba Mapacha:
Alinyanyua bawa.

Binti Paje:
Mkimaliza mambo ya shakwe, mnisaidie na mimi. Mama yangu amefunga mwani kambani nusu ya umri wake na hajapata kuutia mdomoni. Jana nimeuziwa huku kifuko kidogo cha mwani mwekundu uliokaushwa, ule wanaouita dillisk, kwa yuro 3, na muuzaji akaapa kwamba ni mtamu. Nimetafuna kamba ya ngalawa.

Bi Mkubwa wa Ennis:
Huo ukatekate mwembamba uuchanganye na viazi vya kuponda, mwanangu, wala usiutafune mkavu kama tambuu.

Zamu ya Usiku:
Naomba turudi kwenye kidole.

Msukuma wa Donegal:
Kaka, vile vikonokono ulivimaliza njiani au bado unavyo? Nina nazi mbili nilizozipata Galway, na nimekuwa nikijiuliza kama vinakubali tui.