Tupeane uzoefu: mliouguza mgonjwa wa kiharusi aliyepotelewa na maneno

Mama Naima
Wakuu, leo nimo kwenye daladala ya Mbagala, konda anadai nauli, mzee mmoja anajibu "juzi, juzi, juzi" huku anatoa noti. Abiria wanacheka, konda anasema mzee kalewa. Nikawachamba wote. Mama yangu kiharusi kilimwachia neno moja tu, "sabuni". Chai sabuni, msikiti sabuni, hata mimi Sabuni. Daktari akatuambia inaitwa afasia: upande wa kushoto wa ubongo umeumia pale panapotengeneza maneno, akili anayo. Mliopitia haya, mlifanyaje?

Kipara Ngoto
Nimekaa pale, nasoma komenti.

Chuma cha Reli
Sabuni afadhali. Babu yetu alibakiwa na tusi, tena lile lenyewe. Katekista mzima! Padre akimletea komunyo anapokewa na tusi, kisha babu analia. Lakini ukimwanzishia Baba Yetu anaimaliza yote bila kukwama. Ndugu wakaamua ni pepo.

Tabibu Mtarajiwa
Si pepo mkuu. Sala, kuhesabu, siku za wiki na matusi ni maneno yaliyokaririwa, hayahitaji kutungwa upya, ndiyo maana mara nyingi yanabaki. Mgonjwa maarufu kuliko wote, Leborgne wa Paris, alikuwa anasema "tan" tu, mpaka wakamwita Tan. Akikasirika sana ndipo linamtoka tusi zima. Alipofariki 1861 daktari Broca akafungua ubongo, akakuta kidonda mbele, upande wa kushoto.

Chuma cha Reli
Kumbe babu ana mwenzake Ufaransa 😂

Mwana wa Kilosa
Ngoja niseme langu. Baba alipigwa kiharusi akiwa shambani. Mkono na mguu wa kulia vikalala, maneno yakakata. Mguu ulirudi mapema, akatembea na fimbo, watu wakaona kapona. Kinywani ilibaki "ndiyo". Umekula? Ndiyo. Hujala? Ndiyo. Wewe ni mwanamke? Ndiyo. Watoto wa jirani walikuwa wanakuja kumchezea hivyo.

Baba Mdogo naye akaliona hilo. Siku mama kaenda kliniki, akaja na mnunuzi, mashahidi, na karatasi ya mauziano ya shamba la bondeni, lile lenye miembe. "Kaka, umekubali kuuza?" Ndiyo. "Hela umepokea?" Ndiyo. Wakamshika dole gumba, wakalichovya kwenye wino. Mdogo wangu wa mwisho alikuwepo. Anasema Baba alikuwa anasema ndiyo huku anatikisa kichwa kukataa, anapigapiga fimbo chini, machozi yanamchuruzika, na watu wazima na akili zao wanaendelea kuandika. Mama aliporudi alipokelewa mlangoni na kidole chenye wino: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Akadhani anaomba chakula.

Bi Shani wa Tanga
Nimelia ofisini. Huyo Baba Mdogo bado anapumua?

Dalali Mstaafu
Tusiwe na jazba. Mnunuzi kalipa, mashahidi wapo, mzee katamka ndiyo kwa mdomo wake. Kosa lake nini?

Bi Shani wa Tanga
Mdomo unasema ndiyo, kichwa kinakataa, fimbo inakataa, machozi yanakataa. Wewe umesikia mdomo tu? Kweli dalali hastaafu.

Mama Naima
Jamani, uzi ni wa afasia, si wa mashamba.

Kipara Ngoto
Mama Naima, uzi umeshauzwa, umetiwa na dole gumba.

Mjukuu wa Nyeri
Pole sana wote. Shosho wangu aliongea Kiswahili sokoni miaka mingi, kiharusi kikamrudishia Kikuyu peke yake. Daktari Mluhya, nesi Mkamba, mkalimani ni mimi na Kikuyu changu cha kuombea chai. Kiswahili kilikuja baadaye kidogo kidogo, kikianza na bei za viazi.

Tabibu Mtarajiwa
Hilo nalo lina historia. Mfaransa Pitres aliandika 1895 kwamba hutangulia lugha mtu aliyoizoea zaidi kabla ya kuugua. Mwenzake Ribot alishikilia lugha ya utotoni. Wagonjwa wengi hawamfuati yeyote kati yao, lugha zinarudi kwa pamoja.

Ustadh Kombo
Mgonjwa asomewe kwanza, anywe kombe, hospitali baadaye.

Bi Shani wa Tanga
Baadaye ipi, Ustadh? Sindano ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida ni ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kipimo cha kichwa kuonyesha kwamba damu haijavujia ndani. Kombe litamsubiri.

Fundi Saa
Sisi hospitali walisema miezi sita ikipita, kilichobaki ndicho hicho hicho.

Tabibu Mtarajiwa
Kasi kubwa ni miezi ya mwanzo, kweli, lakini hapo si mwisho. Ujerumani walichukua watu 156 wenye afasia ya zaidi ya miezi sita, wakawapa wiki 3 za mazoezi mazito ya kuongea, saa 10 au zaidi kwa wiki. Waliwapita waliokuwa bado wanasubiri zamu. Ilichapishwa 2017.

Fundi Saa
Saa 10 kwa mtaalamu yupi? Huku kwetu mazoezi ya mguu tunapata, ya ulimi tunaambiwa tuombe Mungu.

Mama Naima
Mimi nilianza na kaswida. Mama akiimba, maneno yanatoka safi. Nikawa namuuliza kwa mahadhi, "Mama, maji au chai?", naye anajibu kwa mahadhi. Nyumba ikawa kama maulidi kila siku. Halafu zimeni TV, ulizeni swali moja moja, msimmalizie sentensi.

Chuma cha Reli
Sisi tusingemmalizia babu tungelala njaa.

Ustadh Kombo
Habasoda na asali asubuhi. Hilo halina ubishi.

Kipara Ngoto
Mtafutieni mke mdogo, bi mkubwa akimwona, mzee ataongea tu.

Bi Shani wa Tanga
Ataongea bi mkubwa. Kilosa, shamba je?

Mwana wa Kilosa
Liko Baraza la Ardhi. Baba naenda naye. Nimemchorea kadi: shamba, miembe, hela, na Baba Mdogo na masharubu yake. Nikimuuliza nani kala hela, anaigonga hiyo ya mwisho mpaka imechanika, nimechora nyingine.

Dalali Mstaafu
Mchoro si ushahidi.

Bi Shani wa Tanga
Nenda kalale.