Mrejesho: Fimbo za lakrosi zilizokataliwa na mwamuzi

Asanteni sana wakuu. Niliuliza kwa nini fimbo za timu yetu ya wanawake ya lakrosi, mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo yenye mfuko kichwani (chuo kidogo cha Divisheni ya III, ngazi ya michezo ya vyuo, Marekani) hupita ukaguzi kabla ya mechi, halafu mvua ikinyesha zinakataliwa.

Tatizo ni zile kamba nne za ngozi zinazoshikilia mfuko. Ngozi ikilowa hurefuka, mfuko unashuka, mpira unazama. Kupima: shika fimbo mlalo, weka mpira mfukoni, ukandamize kwa kidole gumba, uachie, kisha tazama kwa ubavu: sehemu ya juu ya mpira lazima ionekane juu ya ukingo wa kichwa cha fimbo. Ukigeuza fimbo, mpira udondoke wenyewe.

Sasa tunafungua vifundo vya chini, tunavuta kamba zote nne kidogo kidogo, tunafunga, tunapima tena. Zikikazwa bila usawa, pasi zinakwenda kombo, na hilo wachezaji hulisikia haraka kuliko mwamuzi. Baada ya mechi ya mvua kazeni ngozi ingali imelowa, toeni mpira mfukoni, anikeni kivulini. Kwenye hita hukakamaa na kupasuka.

Fimbo zenye nyavu za sintetiki hazikusumbua.