Grafu haina mzunguko ila laini inakwama, nakosea wapi?

shafti_beringi: Wakuu naombeni msaada. Nina laini ndogo ya kuunganisha pampu, vituo vinne, na roboti moja inatoa kipande kituo cha 3 inapeleka cha 4, halafu ndo hiyo hiyo inashusha pampu iliyokamilika. Nimechora grafu, kila kazi ni nodi na mshale unaonyesha kipi kitangulie (beringi ivishwe kabla shafti haijaingia ndani, sili kabla ya kifuniko n.k.), nikapanga kwa njia ya Kahn, unatoa nodi isiyo na mshale unaoingia mpaka zinaisha, hakuna mzunguko hata mmoja (mishale inayorudi ilikoanzia). Sasa kuna muda laini inasimama tu kimya, hakuna alamu, hakuna kilichoharibika, mpaka mtu atoe kipande kwa mkono. Shida nini?

mizani60: Umegawa kazi vibaya hapo, kuna kituo kimeelemewa. Jumla ya sekunde ngapi na takti yako (muda wa kutoa pampu moja) ngapi?

shafti_beringi: Jumla 210, takti 60, kwahiyo 210/60 ni 3.5, vituo 4. Kilichobeba zaidi kina sekunde 57. Na mkuu, kituo kikielemewa laini si inapungua spidi tu? Yangu inaganda kabisa.

tokeni_moja: Mizani ya kazi kati ya vituo haihusiki. Tuseme roboti imeokota pampu ya nane kituo cha 3, inafika cha 4 inakuta jigi (kifaa kinachoshikilia pampu wakati wa kuunganisha) bado ina pampu ya saba imeisha inasubiri kushushwa. Ishushwe na nani? Roboti hiyo hiyo, na mkono umejaa. Wanasubiriana hadi kesho. Grafu yako haidanganyi, ila inaeleza pampu MOJA inavyojengwa, na hapo waliogombana ni pampu mbili, mzunguko uko kwenye roboti na jigi ambavyo hujavichora popote.

Kupanga baki na grafu hiyo, kuendesha tumia neti ya Petri (Carl Adam Petri, tasnifu yake ya 1962), mchoro ambao tokeni, yaani alama za vitu vilivyopo tayari au huru, ndizo zinaruhusu tendo lifanyike. Roboti huru iwe tokeni, jigi tupu iwe tokeni. Tendo la "okota kituo cha 3" liruhusiwe zikiwepo tokeni tatu kwa pamoja: kipande tayari, roboti huru, jigi ya 4 tupu. Ikiokota inaondoka na tokeni ya jigi pia, hairudi mpaka pampu ishushwe.

shafti_beringi: Aisee, mimi nilikuwa naangalia roboti huru tu 😅 Si nitapoteza muda roboti ikisubiri mikono mitupu?

tokeni_moja: Kidogo, ila ikiwa mitupu inaweza kwenda kushusha ile ya saba, ndo utamu wenyewe. Ukiona inakuuma weka nafasi moja ya kuegesha kati ya 3 na 4, yaani tokeni moja zaidi, ila sharti libaki, usije ukalitoa ukidhani nafasi imemaliza tatizo. Nayo ikijaa mnarudi pale pale.