Kigoma: Mtu mzima akiumwa jino, tiba ni koleo tu. Hadi lini?

Ndugu wanajamvi,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitaificha. Jumanne iliyopita dada yangu, ambaye anauza dagaa katika mwalo wa Kibirizi, aling'olewa gego la tatu ndani ya miaka minne, na yote matatu yangeweza kuokolewa kama yangezibwa yalipoanza kuuma.

Hili la mwisho lilianza na tundu lisilozidi punje ya mchele. Alikwenda hospitali ya umma, akaambiwa kiti kipo, mtaalamu yupo, ila mashine ya kuchongea jino imeharibika, hivyo arudi baada ya wiki mbili. Alirudi mara tatu. Usiku alikuwa akipachika pamba yenye mafuta ya karafuu ili apate usingizi, mpaka shavu likavimba na usaha ukaanza kutoka, na hapo ndipo huduma ilipopatikana upesi: ganzi, koleo, na pamba ya kung'ata akiwa njiani kurudi nyumbani. Kwa kung'oa, kadi yake ya bima ilipokelewa bila swali. Kwa kutibu mzizi wa jino tulielekezwa kliniki binafsi, ambako bei ilizidi faida yake ya mwezi mzima.

Kinachoniumiza zaidi ni hiki. Ipo njia ya kukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono, bila mashine wala umeme, kisha tundu likazibwa kwa saruji ya glasi-ayonoma. Njia hiyo ilianza kujaribiwa hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka saruji hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu. Kwa nini basi, miaka 40 baadaye, mgonjwa mwenye tundu dogo anarudishwa nyumbani kwa sababu mashine ni mbovu?

Wapo watakaosema nchi yetu ni maskini. Siikubali hoja hiyo. Thailand, iliyoanzisha bima ya wote mwaka 2002, inawazibia watu wazima meno na kuwapa hata meno bandia ya plastiki. Brazili, kupitia mpango wa Brasil Sorridente wa mwaka 2004, iliingiza matibabu ya mizizi ya meno katika huduma zake za umma. Kanada ina utajiri kuliko zote hizo, lakini kwa miongo mingi bima yake ya umma ililipia upasuaji wa moyo na kuliacha jino la mtu mzima lililotibiwa nje ya hospitali. Mpango wake wa taifa wa meno ulianza kuhudumia watu Mei 2024, tena kwa wasio na bima nyingine ya meno na ambao kipato cha kaya hakifiki dola 90,000 za huko kwa mwaka. Nchini Marekani, kila jimbo hujiamulia kama mtu mzima maskini atatibiwa meno kwa bima ya umma au la. Katika nchi hizo zote kuna watu waliokaa na kuamua kwa kalamu kama kinywa ni sehemu ya mwili, na hapa kwetu pia wapo.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Nataka kitita cha mafao kitaje waziwazi kuziba jino na kutibu mzizi kwa mtu mzima, na hospitali iwajibike pale huduma iliyotajwa inapokosekana.

Wenzangu wa Kasulu, Kibondo, Kakonko, Buhigwe na Uvinza, naomba muandike hapa: huko kwenu, mara ya mwisho mtu mzima kuzibwa jino kwa kadi ya bima ilikuwa lini? Jumatatu narudi hospitali pamoja na dada, kwa sababu gego lililo jirani na lile lililong'olewa limeshaota doa jeusi, na safari hii wakikataa kuliziba nitaomba sababu kwa maandishi.