Sanaa ya nje katikati ya mji: ya kudumu au ya kubadilisha? Na nani achague?

Mleta mada

Wakuu habari za saa hizi. Naleta hili tulijadili, maana kila mji ukipata hela kidogo ya kupendezesha katikati, wazo la kwanza ni sanamu. Kinatafutwa kiwanja, linamwagwa zege, kinapandishwa kitu juu, wakubwa wanakata utepe, miaka miwili mbele hakuna anayekiangalia tena isipokuwa ndege wanaotua. Msimamo wangu: tusijenge sanamu, tujenge nafasi. Yaani weka kivuli, mabenchi, taa na jukwaa, alafu kazi za sanaa ziwe zinakuja na kuondoka.

Mfano upo London pale Trafalgar Square. Kuna kitako cha jiwe kilijengwa 1841 kikisubiri sanamu ya mfalme William IV akiwa juu ya farasi, hela zikaisha, kikabaki kitupu zaidi ya miaka 150. Tangu 1999 wanaweka kazi za muda tu, moja ikishakaa inatoka inakuja nyingine. Mwaka 2009 msanii Antony Gormley hata sanamu hakuweka, aliweka watu! Watu 2,400, kila mmoja anapanda juu saa moja anafanya anachojua mwenyewe, siku 100 usiku na mchana. Ukiichukia kazi unajua itaondoka. Sasa nyie mnaotaka shaba ya milele nielezeni, mkikosea mnafanyaje?

Mpenda Shaba

Mkuu hapo nakupinga. Kitu kinachohamahama watu hawakizoei, na mji unaelekezwa kwa vitu vilivyotulia: "nisubiri pale kwenye lile lidude". Lidude likiwa linabadilika kila mwaka utamsubiri mtu wapi?

Alafu hilo la kuchukia. Chicago 1967 walizindua sanamu aliyoibuni msanii Picasso, mita 15 kwenda juu, chuma kinachoachwa kishike kutu makusudi, na mwenyewe hakusema ni nini, wengine waliona ndege, wengine mbwa, wengine mwanamke. (Jamaa hata hakuwahi kukanyaga Marekani, na dola 100,000 walizotaka kumlipa alizikataa akasema ni zawadi.) Watu walichukia kweli kweli, diwani mmoja, John Hoellen, akapendekeza ling'olewe iwekwe sanamu ya Ernie Banks mcheza besiboli. Wangepiga kura wiki ile lingekuwa chuma chakavu. Leo watoto wanateleza kwenye kitako chake kilichoinama na ndo alama ya mji. Hii ya kuondoa ondoa ingeua kitu kama kile kabla watu hawajakizoea. Jibu hilo.

Mtembea kwa Miguu

Ngoja nimjibie. Picasso ilizoeleka kwa sababu haikumzibia mtu njia, uwanja umebaki uwanja. Linganisha na New York 1981, msanii Richard Serra aliweka sanamu yake, ukuta wa chuma mita 36 hivi kwa urefu na kimo mita 3 na nusu na zaidi, katikati kabisa ya uwanja ambao wafanyakazi wa serikali walikuwa wanakatiza asubuhi na jioni. Wewe umechelewa kazini mlango unauona kule, inabidi uzunguke chuma! Na chenyewe kimeinama kidogo kama kinataka kukuangukia.

Mwaka 1985 wakaitisha kikao watu waseme, 122 wakaongea libaki, 58 wakaongea liondoke, jopo la watu watano likaamua 4 kwa 1 liondoke. Serra akaenda mahakamani akashindwa, 1989 wakalikata vipande vitatu usiku wakapeleka stoo. Baadaye wakaweka mabenchi. Mabenchi wakuu! Yaani miaka minane ya ugomvi kufika kwenye kitu ambacho mtu yeyote anayekula chakula chake cha mchana pale angekwambia siku ya kwanza.

Kwa hiyo mimi swali la kudumu au muda naliona la pili. La kwanza, kuna mtu amekaa pale siku nzima akaangalia watu wanapita wapi? Wakati mwingine majani yamekufa mstari mmoja kabisa katikati ya bustani, ile ndo ramani, mchoraji wa ofisini hana hiyo.

Mpenda Shaba

Sawa ila umeona mwenyewe, 122 kwa 58. Walioongea wengi walitaka libaki. Sasa hayo "maoni ya wananchi" mnayoyadai kila siku mnayahesabu lini na mnayaacha lini?

Mtembea kwa Miguu

Anayekuja kwenye kikao ni mwenye muda na mwenye mdomo. Anayezunguka chuma kila asubuhi yuko kazini saa hiyo.

Fundi Rangi

Nawasoma tu hapa nacheka. Nimechora kuta za nje miaka mingi na sijawahi kuona mchoro unakufa kwa kuchukiwa, unakufa kwa maji.

Kuna ofisi moja ilituita tupambe ukuta mrefu mjini, sherehe ilikuwa karibu basi haraka haraka. Nikagusa ukuta kwa chini nikaona unga mweupe vidoleni, chumvi ile, maana yake maji yanapanda kutoka kwenye msingi. Nikawaambia tukwangue plasta mpaka kiunoni, ukuta upumue, ukauke, ndo tupige praima. Wakasema bajeti ni ya kuchora, ya plasta haipo. Tukachora. Siku ya sherehe ulipendeza hasa. Mvua za kwanza rangi ikaanza kuvimba malengelenge, nyuso zikabanduka kuanzia kidevuni kwenda juu, ukipita unakuta magamba ya rangi yamelala chini, na lawama zote kwa wachoraji.

Mnajua ile sanamu ya msanii Anish Kapoor kule Chicago inayong'aa kama kioo, ile wanaita haragwe? Sehemu ya chini mikono inapofika inafutwa kwa mkono mara mbili kwa siku. Mara mbili kila siku! Na yote nzima inaoshwa mara mbili kwa mwaka kwa sabuni ya maji galoni 40. Ndo maana inang'aa, sio miujiza.

Mleta mada, hiyo yako ya kubadilisha naipenda moyoni lakini kila ukishusha kazi na kupandisha nyingine kuna kreni, kuna boliti mpya, kuna mtu wa kuziba matundu ya zamani kwenye zege maji yasiingie. Nani analipa mwaka wa tatu, wakubwa waliokata utepe wakishahama?

Mleta mada

Fundi hapo umenikamata, nakiri hesabu ya kreni sikuiweka. Basi nibadilishe kidogo: hela igawanywe kabla ya kuchagua chochote, fungu la matunzo litengwe na lisiguswe, hata kama ina maana sanamu iwe ndogo. Ila Mpenda Shaba bado hujanijibu, mkikosea mnafanyaje?

Mpenda Shaba

Tunapanda miti kuizunguka.

Fundi Rangi

Sawa, ila mizizi muiweke mbali na msingi. Na kabla hamjaendelea, huo uwanja wenu bomba la maji la kuoshea liko wapi?